Kabla Hamjaipeleka Sheria ya Uchaguzi Mahakamani

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi katika asasi moja ya kiraia hapa Tanzania ambayo, pamoja na kutoa elimu ya mpigakura na kuangalia uchaguzi, ilikuwa ikifungua mashauri ya kikatiba kupinga vifungu vya sheria za uchaguzi na vile vinavyohusu fedha za kampeni. Sikuwa wakili. Nilikuwa mtafiti, yaani yule mtu anayebeba mafaili, anayetafuta mashahidi, anayekesha na kumbukumbu rasmi za Bunge ili kujua waziri alisema nini siku kifungu fulani kilipopitishwa, na anayelaumiwa ukurasa wa kielelezo unapokosekana asubuhi ya kesi. Tangu nilipoondoka, kila uchaguzi unapokaribia hunipigia simu vijana wa asasi changa wakisema kwamba wana ushahidi wa kutosha na wanataka kujua waufungulie kesi wapi. Huwa nawajibu kwa maswali mawili ambayo hayawafurahishi: mnapinga kifungu gani, na mkishinda mtafanya nini kesho yake?

Swali la kwanza nililifundishwa kwa aibu. Katika msimu mmoja wa kampeni tulikusanya picha za magunia ya unga, khanga na kofia zilizokuwa zikigawiwa vijijini, tukachukua maelezo ya watu waliopokea, tukaandika na namba za magari yaliyoleta mizigo hiyo, kisha tukampelekea wakili mmoja mzee aliyekuwa akitusaidia bila malipo. Alizipitia picha zote kwa utulivu, akazirudisha katika bahasha, akaniuliza: "Sasa mwanangu, hapa sheria imekosea au mgombea ndiye amekosea?" Sikuwa na jibu. Kama mgombea ndiye aliyevunja sheria, hiyo ni kazi ya TAKUKURU, ya Msajili wa Vyama vya Siasa au ya mpigakura atakayefungua shauri la uchaguzi katika jimbo husika. Asasi inayotaka kubadili sheria yenyewe inahitaji kifungu ambacho, hata kikitekelezwa kwa uaminifu na mtu mwema kabisa, bado kinamnyima mtu haki aliyopewa na Katiba.

Mfano ninaopenda kuwapa vijana ni kesi ya takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapigakura, kwa sababu inaonyesha jambo hili kuliko nyingine yoyote ninayoifahamu. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi iliongezewa vifungu vya 98(2) na 98(3), vilivyosema kwamba kitu kinachotolewa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa kijadi, pamoja na gharama za kawaida za kampeni, havitahesabiwa kuwa ni rushwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na asasi nyingine mbili, LEAT na NOLA, zilikwenda Mahakama Kuu kumshitaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na mwezi Aprili 2006 jopo la majaji watatu likavifuta vifungu hivyo. Hoja haikuwa kwamba fulani aligawa pilau mahali fulani. Hoja ilikuwa kwamba kifungu chenyewe kinawagawa wagombea makundi mawili, mwenye nacho anayeweza kukirimu na asiye nacho asiyeweza, na kwa hiyo kinavunja usawa mbele ya sheria unaolindwa na ibara ya 13 pamoja na haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi iliyo katika ibara ya 21. Hapakuwa na haja ya kumkamata mtu na sufuria mkononi. Kila niliposoma upya mashauri yetu yaliyoshindikana niliona kwamba tulikuwa tukipeleka masufuria.

Sisemi kwamba matukio hayana kazi. Yanasaidia kuwaonyesha majaji kwamba kifungu si maandishi tu bali kina watu kinaowaumiza, ila yawe nyuma ya hoja, yasiwe ndiyo hoja. Mzigo wa kuthibitisha ni wenu: Mahakama ya Rufani ilieleza katika kesi ya Julius Ndyanabo, mwaka 2002, kwamba sheria huchukuliwa kuwa inapatana na Katiba mpaka anayeipinga athibitishe vinginevyo. Kesi hiyo nayo ilikuwa ya kifungu. Ilihusu sharti la kuweka shilingi 5,000,000 kama dhamana ya gharama kabla ya shauri la uchaguzi kusikilizwa, na mahakama ikaona kwamba sharti la namna hiyo linaufunga mlango wa haki kwa maskini. Baadaye Bunge liliirudisha dhamana kwa sura iliyolegezwa, yenye ukomo na yenye nafasi ya mlalamikaji kuomba nafuu. Hilo nalo litazameni vizuri, maana ndiyo tabia ya mashauri haya: mnachokiondoa kwa mlango wa mbele kinaweza kurudi uani kikiwa kimevaa nguo nyingine.

Baada ya kifungu, kazi ngumu kuliko zote ni kumpata mwombaji. Ibara ya 26(2) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi, na Jaji Lugakingira alipoamua kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila pale Dodoma mwaka 1994 aliisoma ibara hiyo kwa upana, kiasi kwamba kwa miaka mingi asasi ziliweza kusimama mahakamani kwa jina lao na kwa niaba ya umma. Marekebisho ya mwaka 2020 ya sheria inayosimamia mashauri ya haki za msingi yaliubana mlango huo kwa kumtaka mwombaji aape na kueleza ni kwa kiasi gani yeye mwenyewe ameathirika. Sharti hilo limekuwa likibishaniwa mahakamani tangu hapo, lakini ushauri wangu hautegemei nani atashinda ubishi huo: fungueni shauri kana kwamba sharti lipo. Mtafuteni mtu aliyezuiwa kugombea, au mpigakura ambaye jina lake liliondolewa, mtu mwenye kadi, tarehe na barua ya kukataliwa, na asasi isimame kando yake badala ya kusimama mbele yake.

Mtu huyo msimtumie kama kielelezo. Tulikuwa na mwombaji mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye tulimweleza kila kitu kuhusu hoja za kisheria na hatukumweleza kwamba jina lake lingesomwa redioni. Shemeji zake walianza kumuuliza anatumwa na nani, na baada ya miezi miwili alitujia na mkewe, wakakaa ofisini kimya kwa muda mrefu, kisha mama yule akasema kwa upole kwamba wao hawana ugomvi na serikali. Tuliliondoa jina lake. Siku hizi nawashauri watu waende nyumbani kwa mwombaji, wazungumze na mwenzi wake na watoto wakubwa, waeleze kwamba kesi inaweza kuchukua miaka 3 au zaidi ikifika rufani, kwamba gharama zinaweza kuamriwa dhidi yake na nani atazilipa, ndipo waombe saini.

Kuhusu saini, nina jambo la kukiri. Shauri letu lililoandaliwa kwa bidii kubwa zaidi halikufika hata kwenye hoja. Mawakili wa Serikali walileta pingamizi la awali, wakaonyesha kwamba moja ya hati zetu za viapo haikuonyesha mahali ilipoapwa, jambo ambalo sheria ya makamishna wa viapo inalitaka wazi pamoja na tarehe. Nafasi ilikuwa imeachwa ili ijazwe kwa kalamu, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale kamishna anagonga muhuri, nikafurahi kwamba foleni ilikuwa fupi. Miezi 7 ya utafiti ilikwisha katika dakika zisizozidi 20. Tungeweza kufungua upya, na mwishowe tulifungua, lakini uchaguzi ulikuwa umeshapita na kifungu kilikuwa kimeshafanya kazi yake. Mpeni mtu mmoja asiyeijua kesi asome kila karatasi kama adui kabla haijafika masjala. Wanaoijua kesi husoma kilichomo vichwani mwao.

Suala la fedha nitalipita haraka kwa sababu jibu lake ni fupi. Asasi inayodai uwazi katika fedha za kampeni haiwezi kuficha zake. Andikeni nani anawafadhili na kwa kazi gani, mkubali kuulizwa, na chama cha siasa kikija na mkono uliojaa kwa sababu kesi yenu inakifaa kwa sasa, kikataeni kwa adabu, hata kama ofisi inadaiwa kodi ya pango. Wapo watakaosema kwamba mnatumwa na mabeberu hata mkiwa safi, na hilo halina dawa. Wafadhili wenyewe nao wana tatizo lao: wanapenda idadi ya mashauri yaliyofunguliwa katika mwaka, na idadi hiyo ndiyo iliyotufanya tufungue mawili ambayo kila mmoja wetu ofisini alijua hayajaiva.

Sasa swali la pili, la kesho yake. Mtikila alishinda Oktoba 1994, mahakama ikasema raia aruhusiwe kugombea bila kudhaminiwa na chama. Mwishoni mwa mwaka huo huo Bunge likapitisha Marekebisho ya Kumi na Moja ya Katiba na kuliweka sharti la chama ndani ya Katiba yenyewe. Akarudi, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Juni 2010 Mahakama ya Rufani, ikiwa na majaji saba, ikatengua na kusema hilo ni jambo la kisiasa la kuachiwa Bunge. Yeye, pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wakaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 wakashinda. Mtikila alifariki mwaka 2015, na katika uchaguzi wa 2025 mgombea bado alihitaji chama. Kwa hesabu ya hukumu alishinda mara 3 na kushindwa mara 1.

Wapo wanaoisoma historia hiyo na kusema mahakama hazina maana. Mimi naisoma tofauti kidogo. Naona kwamba kila hukumu iliwakuta watetezi wakiwa mahakamani tu, wakati jibu lilikuwa likiandikwa bungeni. Kesi kuhusu wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi ilipita njia hiyo hiyo: mwanaharakati Bob Wangwe alishinda Mahakama Kuu Mei 2019, Mahakama ya Rufani ikatengua Oktoba mwaka huo huo, na Mahakama ya Afrika ikatoa uamuzi wake Juni 2023, miezi michache kabla ya miswada mipya ya uchaguzi kujadiliwa na kuwa sheria mwaka 2024. Asasi zilizokuwa na mapendekezo ya maandishi, kifungu kwa kifungu, kwa lugha ya mswada, zilikuwa na kitu cha kuweka mezani mbele ya kamati ya Bunge. Zilizokuwa na nakala ya hukumu peke yake zilisikilizwa kwa heshima zikaondoka. Kumbukeni pia kwamba ibara ya 30(5) ya Katiba inairuhusu Mahakama Kuu, badala ya kukifuta kifungu papo hapo, kuipa Serikali muda wa kukirekebisha. Muda huo ndio wakati wa kazi, na ukiwakuta hamna rasimu mkononi, wengine watawaandikia.

Mlango wa Arusha nao haujabaki kama ulivyokuwa. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishitaki moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika, na mwaka mmoja baadaye hatua hiyo ikaanza kufanya kazi. Imebaki Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyopo mji huo huo, ambayo Machi 2022 iliona kwamba marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Vyama vya Siasa yalikiuka Mkataba wa Jumuiya. Faida yake ni kwamba haiwalazimishi kumaliza kwanza mahakama zote za nyumbani. Ugumu wake ni muda: mnayo miezi 2 tu tangu sheria ilipotungwa au jambo lilipotokea, au tangu mlipolijua. Sisi kuna sheria moja tuliyoisubiri, tukasema tuone kwanza Mahakama Kuu itasema nini, na siku tuliyokubaliana hatimaye kupanda basi la Arusha tulikuwa tumechelewa kwa siku 11. Tangu siku hiyo, katika ofisi ile, tarehe ya mwisho ya miezi 2 huandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya jalada siku ile ile sheria inapotoka katika Gazeti la Serikali, kabla mtu yeyote hajaanza kuisoma.