"Run" si kukimbia tu

Ndugu, umeuliza kwa nini kamusi inasema "run" ni kukimbia, halafu Mwingereza anasema "he runs a shop". Huyo hakimbii popote, anaendesha duka. Pua ikifanya "run", kamasi zinatoka; nguo ikifanya hivyo kwenye beseni, inachuja rangi. Mwanasiasa naye anagombea. Ukiongeza "out" baada ya "run", kitu kimekuishia: sukari, vocha, hata subira.

Usijilaumu. Peter Gilliver wa kamusi ya Oxford alikaa na neno hilo miezi tisa, akahesabu maana 645 za kitenzi peke yake! Katika toleo la 1989 la kamusi hiyo, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set".

Mimi naona dawa ni kuacha kutafuta tafsiri moja. Fikiria "piga" yetu: unapiga pasi, unapiga kura, unapiga mswaki, unapiga deki, na hakuna aliyeumia. Mgeni anayejifunza Kiswahili analia hapo hapo unapolia wewe. Kwa hiyo angalia neno linalofuata "run", ukariri yote mawili pamoja. "Run a bath", kwa mfano, ni kufungulia maji ya kuoga (mimi nilidhani ni kukimbilia bafuni).