Haiku ya maji moto

Umeuliza haiku ya wadudu wanaoshirikiana inaandikwaje kwa Kiswahili, mbona rahisi ndugu yangu, sie mizani (yaani silabi) tushazoea kuhesabu toka kwenye mashairi 8 kwa 8, haiku ni shairi fupi la Kijapani, mistari mitatu tu, mizani 5, 7, 5, na ndani yake uweke neno la msimu. Anza na maji moto, wale sisimizi wa mitini wanaoshona majani. Huku kwetu Pemba ukenda chini ya mkarafuu simama kimya (na usiegemee tawi, watakung'ata mpaka uvue shati) utawaona wameshikana viuno mmoja nyuma ya mwenziwe kama mnyororo, wanavuta jani hili lifike kwa lile, halafu mwengine anakuja na mtoto mdomoni, yule funza mweupe, anamgusisha huku na huku anatoa uzi kama hariri, majani yanashikana. Mkubwa hana uzi, mtoto ndo anao! Mie nilipoliona hilo nikaandika:

Jani la vuli,
maji moto wavuta,
mwana ashona.

Usiseme "umoja" wala "ushirikiano" humo ndani, andika ulichokiona tu. Hebu nawe lete yako hapa tuhesabu mizani.