Nilivyoumaliza ukoo wa kuchi wangu kwa mkono wangu mwenyewe

Jumanne usiku dada mmoja wa Singida aliniandikia: "Kaka, nimempata jogoo wa kuchi na matetea manne, wote kwa mzee mmoja, mbegu safi kabisa! Naanza rasmi. Nipe neno."

Nikamjibu kwa mkato: "Rudisha jogoo."

Akanuna. Mpaka leo kimya. Basi dada, neno refu ni hili, na wengine mnaoota kufuga kuku wa kienyeji kama kuchi, kishingo (wa shingo isiyo na manyoya) au bukini (asiye na mkia) someni humu humu.

Kuchi wangu wa kwanza nilimtoa Tabora mwaka 2016. Alikuja kwa treni ndani ya tenga, akiwika kila kituo kuanzia Itigi hadi Ruvu, abiria wakinitazama kama mwizi. Nilimwita Diwani, maana alisimama wima muda wote kama anayesubiri kupigiwa makofi. Asiyemjua kuchi ajue hivi: shingo ndefu, miguu mirefu minene, upanga mdogo uliolala kichwani kama kokwa, mdomo mfupi uliopinda, na kifuani manyoya machache hadi ngozi nyekundu inaonekana. Watafiti waliopima vinasaba wamemkuta ana undugu na Shamo, kuku wa kupigana wa Japani. Wa kwetu huyu, lakini babu zake walisafiri mbali.

Diwani nilimpa matetea sita. Kizazi cha kwanza kilikuwa raha tupu. Majirani wa hapa Kibaha walikuwa wanasimama kwenye uzio kutazama. Nikajiona bingwa, nikaanza kutoa ushauri kwa watu (ndiyo, kabla sijajua lolote).

Mwaka wa tatu mambo yakageuka. Nilipima mayai kumi na mawili kwa tochi ya simu, matano meupe, hayana kitu. Yaliyoanguliwa yakatoa kifaranga mwenye vidole vilivyopinda, mwingine mdomo wa juu umeenda kushoto na wa chini kulia, hawezi hata kudonoa pumba. Nikalaumu chakula. Nikabadilisha pumba, nikanunua dagaa, nikanunua vitamini. Hela ikaenda. Siku nimempigia simu mzee aliyeniuzia Diwani, akaniuliza swali moja tu: "Matetea ulionao sasa, baba yao nani?"

Diwani.

"Na jogoo wao nani?"

Diwani.

Akacheka hadi akakohoa. "Kijana, umemwoza mtu binti yake, halafu unalaumu pumba."

Kuna hesabu wanayoitumia wataalamu wa uzalishaji, chukua kalamu. Zidisha idadi ya majogoo kwa idadi ya matetea, zidisha tena kwa nne, kisha gawa kwa jumla ya kuku wote hao. Jogoo 1 na matetea 10 unapata 3.6. Yaani una kuku kumi na moja bandani, lakini kwa damu ni kama huna hata wanne. Weka majogoo 4 kwa matetea hao hao 10, unapata 11.4. Chakula kimeongezeka cha majogoo watatu, ukoo umekuwa mkubwa mara tatu. Hesabu hii ningeijua 2016 nisingeandika makala hii.

Lakini sikumaliza kuharibu. Karo ya shule ikabana, akaja bwana mmoja na gari, akatoa laki na nusu kwa Diwani. Nilipokea. Nilimshika mwenyewe, nikamfunga miguu mwenyewe. Nilijiambia wanawe wapo. Wiki ya tatu mdondo ukaingia bandani: shingo zinapinda, kinyesi cha kijani, asubuhi unaokota maiti. Kati ya kuku 34 walibaki watano. Na chanjo ya mdondo, ile ya tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, inatengenezwa hapa hapa Kibaha! Kiwanda kiko mji mmoja na mimi, mimi nasema "nitachanja mwisho wa mwezi". Nilipompigia yule bwana angalau aniuzie kifaranga kimoja cha Diwani, akasema ameshamchanganya na Sasso, kuku wa kisasa, anauza chotara. Hilo bado linaniuma, sitaficha.

Simchukii Sasso wa Ufaransa wala Kuroiler wa India. Wanakua haraka, wana soko, wafuge. Ila waweke mbali na mbegu yako. Jogoo mmoja chotara akiruka uzio jioni moja, utatumia miaka kusafisha.

Hatua za kurudi Tabora nazifupisha. Nilitafuta majogoo watatu kutoka vijiji vitatu, kila mmoja nikauliza baba yake nani mpaka wenyewe wakanichoka. Sasa nina makundi matatu. Matetea hawahami. Majogoo waliozaliwa kundi la kwanza wanapanda kundi la pili, wa pili wanaenda la tatu, wa tatu wanarudi la kwanza. Kila yai naliandika kwa penseli, kila kifaranga natoboa utando wa kati ya vidole kadiri ya kundi lake siku ile ile anapoanguliwa, kwa sababu kesho utasahau. Utasahau, nakwambia.

Na ninyi mnaopenda maumbo, sikilizeni. Kidimu, yule wa manyoya yaliyojikunja, ukimpandisha kwa kidimu mwenzake, robo ya vifaranga huzaliwa na manyoya dhaifu yanayokatika, anabaki karibu uchi. Kibete wa miguu mifupi kwa kibete mwenzake, robo ya vijusi hufia ndani ya yai. Mpe mmoja wao mwenza wa kawaida. Watu wanataka kila kifaranga kifanane na picha ya simu, ndiyo maana tunazika.

Usiuze jogoo wako bora. Nimeshasema? Narudia. Usiuze jogoo wako bora, na usibaki na jogoo mmoja. Karo ikibana uza matetea wa ziada, uza mayai, kopa kwa shemeji.

Mwezi uliopita bwana mwenye gari alirudi. Anataka jogoo mwenye mdomo kama wa Diwani, na ninaye, katoka kwa matetea wale watano waliobaki. Nikampa chai. Aliondoka na tenga tupu.

Dada wa Singida, usinune. Baki na matetea wako wanne, jogoo mrudishe kwa mzee, ni kaka yao huyo. Kundi langu la pili lina jogoo wa miezi tisa, kachanjwa mara tatu. Siuzi. Vifaranga wako wakishakua nipe tetea mmoja, tumebadilishana.