Maswali Yenu: Jina la Chuo Linabeba Uzito Gani?

Barua nyingi za safari hii zinagusa jambo moja, jina la chuo kikuu. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayokosesha familia nyingi usingizi.

Binti yangu amekubaliwa na vyuo viwili. Kimoja kinajulikana kila mahali, lakini itabidi tukope karibu ada yote. Cha pili hakina jina, ila kimempa ufadhili. Ndugu wananiambia nikimnyima jina nitakuja kujuta. Nifanyeje? – Mama wa mwanafunzi

Mama, pole kwa mzigo huo, na hongera kwa binti. Ugumu wa kupima thamani ya jina ni huu: vyuo vyenye jina huchukua vijana ambao tayari ni hodari. Wakija kufanikiwa, sifa apewe nani, chuo au kijana mwenyewe?

Wachumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha mwaka 2002 utafiti uliotafuta njia ya kutenganisha hayo mawili. Waliwalinganisha vijana waliokuwa wamekubaliwa na vyuo vya kiwango kilekile, kisha baadhi wakaenda kwenye chuo kigumu kuingia na wengine wakachagua cha chini yake. Vijana hao walianza masomo mwaka 1976. Walipokuwa watu wazima kazini, mishahara yao ilikaribiana sana. Waliotofautiana ni watoto wa familia zenye kipato kidogo: hao chuo chenye jina kiliwaongezea mshahara. Hesabu iliporudiwa kwa walioanza mwaka 1989, faida ilionekana kwa wanafunzi weusi, kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini na kwa wale ambao wazazi wao hawakusoma sana. Tunavyoona sisi, mtoto mwenye mjomba mwanasheria na shangazi mkurugenzi ana watu wa kumshika mkono hata chuo kisipomsaidia. Asiye na watu hao hutambulishwa na chuo.

Mwaka 2023 wachumi wengine, Raj Chetty, David Deming na John Friedman, walivipima vyuo 12 vya Marekani vinavyogombewa kuliko vyote, wakivilinganisha na vyuo vikuu bora vya umma. Kwa wastani wa kipato, tofauti ilikuwa ndogo. Lakini nafasi ya kufika kwenye asilimia 1 ya wenye kipato cha juu kabisa iliongezeka kwa karibu nusu, na nafasi ya kuajiriwa na kampuni zenye heshima kubwa iliongezeka takriban mara tatu. Maana yake, jina halimwinui kila mhitimu. Linafungua milango michache sana, ya juu sana.

Basi muulize binti anataka kazi gani. Benki kubwa za uwekezaji, kampuni za ushauri wa kibiashara na ofisi kubwa za mawakili zina desturi ya kuajiri kutoka vyuo vichache walivyovizoea. Ualimu, uuguzi, uhasibu, uhandisi na programu za kompyuta huangalia zaidi leseni, mitihani ya taaluma na kazi ya mikono yako.

Kisha kaeni na karatasi. Jumlisheni deni la miaka yote, siyo la mwaka wa kwanza: ada, malazi, chakula, nauli, vitabu na riba. Lilinganisheni na mshahara wa mwaka mmoja wa anayeanza kazi hiyo. Deni likizidi mshahara huo wa mwaka mzima, ushauri wetu ni kuchukua ufadhili, labda kama binti analenga ile milango michache tuliyoitaja.

Hata hivyo usisaini kabla ya kuisoma barua ya ufadhili neno kwa neno. Hapa ndipo wengi huumia. Je, ufadhili unalipa miaka yote au mwaka wa kwanza tu? Unataka wastani gani wa alama ili uendelee, na wanafunzi wangapi huupoteza? Ufadhili ukipotea mwaka wa pili, mtakopa ili kulipia chuo kisicho na jina, na hiyo ni hasara mara mbili. Na kabla ya kukikataa kile kinachojulikana, pelekeni nakala ya barua hiyo kwenye ofisi yake ya misaada ya fedha, mwombe wapunguze. Baadhi ya vyuo hukubali, na kuuliza hakufuti udahili.

Chuo kimoja ni cha 180 duniani, kingine cha 420. Si jibu liko wazi?

Haliko wazi. Namba hiyo ni mchuzi wa vitu vingi, na vingi havimhusu mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Kwenye orodha ya QS, mojawapo ya orodha zinazopanga vyuo vya dunia, tangu toleo la 2024, asilimia 30 ya alama hutokana na maoni ya wanataaluma na asilimia 15 maoni ya waajiri. Karibu nusu, basi, ni jina linalopimwa kwa jina. Ufundishaji umewakilishwa na uwiano wa walimu kwa wanafunzi, asilimia 10. Orodha ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, hutoa asilimia 30 kwa tuzo za Nobel na medali za Fields (tuzo za hisabati) za wahitimu na walimu. Mshindi wa Nobel huenda asiingie hata siku moja kwenye darasa la mwaka wa kwanza. Baada ya nafasi ya 100 orodha hiyo haitoi namba kamili, inaweka makundi kama 101–150, maana tofauti zimeshakuwa ndogo mno.

Tena kuna takwimu ambazo vyuo hujaza vyenyewe. Mwaka 2022 Michael Thaddeus, profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alihoji hadharani takwimu za chuo chake. Columbia ilikuwa imedai kwamba asilimia 82.5 ya madarasa yake ya shahada ya kwanza yana wanafunzi chini ya 20. Baadaye ilitoa takwimu ya karibu asilimia 57. Kwenye U.S. News, orodha ya vyuo vya Marekani, ilishuka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18. Majengo, walimu na vitabu vilibaki vilevile.

Tafuta orodha ya somo lako, siyo ya chuo kizima. Halafu iandikie idara: wangapi walianza, wangapi walimaliza kwa wakati, nani anafundisha mwaka wa kwanza, ni saa ngapi za maabara kwa wiki, na wahitimu wa mwaka jana wako wapi. Idara inayojiamini hujibu kwa namba. Ukijibiwa kwa picha za bustani, umeshajibiwa.

Nataka kuwa mhadhiri. Jina lina maana?

Lina maana kubwa, kuliko karibu kazi nyingine zote, na inatusikitisha kusema hivyo. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2022 ulionyesha kwamba, kati ya wahadhiri wa vyuo vya Marekani waliopata uzamivu (PhD) humohumo, asilimia 80 walitoka kwenye takriban moja ya tano ya vyuo. Vyuo vitano tu vilitoa karibu mmoja kati ya kila wanane.

Ila jina linaloangaliwa zaidi ni la chuo cha uzamivu na la msimamizi wako. Shahada ya kwanza unaweza kusoma mahali pa kawaida, mradi utoke na alama za juu, tasnifu uliyoifanyia utafiti kweli, na walimu watatu wanaokujua vya kutosha kukuandikia barua zenye mifano. Barua inayosema tu kwamba ulihudhuria vipindi haina msaada.

Nikitaka kufanya kazi nchi nyingine?

Angalia ithibati, yaani kama shahada yako inatambuliwa rasmi, kabla ya jina. Mhandisi aulize kama programu yake inatambuliwa na nchi zilizo kwenye Mkataba wa Washington wa 1989, wa kutambuliana masomo ya uhandisi. Daktari anayefikiria Marekani ahakikishe chuo kimo kwenye Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Tiba. Kisipokuwemo, hakuna jina litakalomwokoa.

Kuna mahali jina limeandikwa kwenye sheria yenyewe. Tangu tarehe 30 Mei 2022 Uingereza ina viza kwa wahitimu wa vyuo vilivyo juu kwenye orodha za dunia, mradi shahada iwe imetolewa ndani ya miaka mitano iliyopita. Vyuo hubadilika mwaka hadi mwaka, hivyo tazama orodha ya mwaka uliohitimu.

Nimeshahitimu, na chuo changu hakijulikani. Wasifu wangu nauandikaje?

Mwajiri asiyekijua chuo chako hana kipimo, basi mpe kipimo. Wengi huandika mstari kama huu:

*Shahada ya Takwimu, daraja la kwanza.*

Mtu wa mbali hajui kama daraja hilo hupewa watatu au themanini. Andika hivi:

*Shahada ya Takwimu, wa 4 kati ya 112. Mradi wa mwisho: kukadiria mahitaji ya dawa ya zahanati sita kwa data ya miezi 24.*

Mstari wa pili una nafasi, ukubwa wa darasa na kazi inayoweza kuulizwa kwenye usaili. Namba ziwe za kweli, na nafasi yako iwe imeandikwa kwenye barua ya msajili, kwa sababu wataiomba. Kama hukuwa kwenye kumi bora, acha nafasi, weka mradi mbele. Ongeza cheti cha mtihani wa nje wa taaluma yako, maana mtihani huo hausahihishwi na chuo chako, na anayekufuata kwenye foleni kutoka chuo chenye jina ameufanya uleule.