Nikisukutua dawa ya ganzi, sindano ya jino sitaisikia?

SWALI: Shikamoo daktari. Wiki ijayo nang'olewa gego la chini, na sindano ndiyo inayoninyima usingizi. Duka la dawa wameniuzia dawa ya kusukutua yenye benzidamini. Nimeijaribu, ulimi ukafa ganzi kidogo. Nikisukutua kabla ya kuingia kwa daktari, sindano sitaisikia?

JIBU: Marahaba. Utaisikia. Benzidamini ni dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, kama ya vidonda vya mdomoni na koo, na ganzi yake ni ya juu juu tu. Tena mate huizimua. Sindano ya gego la chini huingia ndani kama sentimita 2, kuufuata mshipa wa fahamu wa taya.

Kinachosaidia kweli ni jeli ya ganzi, ya lidokeini 5% au benzokeini 20%. Nayo haishuki zaidi ya milimita 2 au 3, lakini inatosha kuficha ule mchomo wa kwanza. Sharti ufizi ukaushwe kwa gozi (kitambaa laini cha hospitali), kisha jeli iachwe dakika 1 hadi 2. Ikipakwa na kuchomwa papo hapo, ni kama haikupakwa. Omba upakwe, na usione haya kuomba.

Tena maumivu mengi hayatoki kwenye ncha ya sindano, yanatoka kwenye dawa inayosukumwa kwa haraka. Kichupa cha mililita 1.8 kinataka karibu dakika 2. Mwambie daktari wako mapema kwamba unaogopa, mkubaliane kuwa ukiinua mkono atasimama. Kwangu mgonjwa aliyesema hofu yake ni rahisi kumhudumia kuliko anayeumia kimya.

Dawa yako itunze kwa ajili ya baadaye, maana palipochomwa panaweza kuuma siku mbili tatu. Ila saa 24 za kwanza usisukutue chochote, bonge la damu lisije likatoka kwenye tundu la jino. Baada ya hapo, mililita 15 kila saa 3, uteme, usizidishe siku 7. Ikiwasha, izimue kwa maji. Kama aspirini huwa inakuletea pumu au mzio, usitumie dawa hii ya kusukutua kabla ya kumuuliza daktari. Na mdomo ukishindwa kufunguka, au uvimbe ukizidi pamoja na homa, rudi kliniki siku hiyohiyo.