Uso wa mwanangu unanikataa

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu alifariki mwaka jana akiwa na miaka tisa. Tangu arobaini ipite, nachora. Nimenunua hadibodi na rangi za mafuta za makopo. Gauni lake nalipata, hata ndala zake za kijani nazipata. Uso ndio hautoki. Nimeufuta mara nne, kila nikirudia unakuwa tope. Wifi yangu ananiambia najichokonoa kidonda, nisome dua tu. Niendelee au niache?
Mama wa Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Nianze na ufundi, maana huko ndiko kwangu. Uso unakuwa tope kwa sababu unapaka juu ya rangi mbichi. Rangi ya kopo iache ilale mpaka kesho. Masika, kwa unyevu wa huko Tanga, iache hata siku mbili. Na usifute kwa mafuta ya taa, utakuja kuliharibu na gauni.

Lakini sidhani kama ni rangi tu. Kuna mchongaji wa Kijerumani, Käthe Kollwitz. Mwanawe Peter aliuawa vitani Ubelgiji Oktoba 1914, ana miaka 18. Mama akaazimia kumchongea ukumbusho: kijana amelala, baba kichwani, mama miguuni. Akahangaika nao weee, mwaka 1919 akauweka chini, baadaye akaanza upya. Sanamu zilisimikwa makaburini mwaka 1932. Hesabu mwenyewe: miaka 18, umri ule ule wa mtoto. Na mtoto hayumo! Wamo wazazi tu, wamepiga magoti. Baba amejikumbatia kama mtu aliyeshikwa na baridi, mama ameinama. Sura alizowapa ni yake mwenyewe na ya mumewe.

Mimi mama yangu alipofariki nilipambana na uso wake miezi mitatu. Nikaishia kuchora mbuzi yake ya kukunia nazi: kikalio kimebonyea, meno yamelika upande mmoja kwa vile alikunia mkono wa kushoto. Dada yangu akaitazama kitambo, kisha akaniuliza mbona sijaweka kifuu. Nikaongeza kifuu.

Na wifi yako usigombane naye. Dua soma, brashi shika, havizuiani. Kama kinachomkera ni sura ya mtu kutundikwa ukutani, wako wengi wenye msimamo huo, na ndala hazina sura. Ila ukiona hulali wala chakula hakipiti, hapo usimngoje mwalimu wa kuchora. Nenda ukaonane na daktari.

Ile hadibodi yenye uso igeuze ielekee ukutani, usiipake nyeupe. Chukua kipande kipya, uchore ndala peke yake, kwa ukubwa wake halisi. Kisha niandikie kisigino kipi kililika zaidi.