Jibu: Njia ni sentimita mbili, nguo inalowa, nisubiri uchungu?

Mdogo wangu, usisubiri uchungu. Umeandika kwamba una wiki 38, kliniki walikupima njia, yaani mlango wa kizazi, wakakuta umefunguka sentimita mbili, na tangu alfajiri nguo ya ndani inalowa kidogo kidogo, lakini shangazi yako amekuhakikishia kuwa ni mkojo kwa sababu mtoto amekalia kibofu. Kisha ukauliza utajifungua lini, utembee kiasi gani na uweke nini mkobani. Hayo ya mkoba yaache kwanza, kwa maana maneno ya shangazi yako ninayajua neno kwa neno: niliambiwa na kungwi wangu, hapa hapa Tanga, katika mimba yangu ya kwanza.

Sikuwa na uchungu wowote, na hilo ndilo lililonipumbaza. Nilibadilisha kanga nikaendelea kukaanga samaki, nikiamini kwamba mwanamke haendi hospitali mpaka kiuno kimkate. Maji hayakumwagika kwa kishindo kama wanavyoigiza kwenye tamthilia. Yalichuruzika nilipoinuka au kukohoa, yakatulia, yakarudi, kwa hiyo hata hadithi ya kibofu ilionekana ina akili. Chupa, yaani mfuko wa maji unaomzunguka mtoto, ikishapasuka, kinga iliyomtenga mtoto na vijidudu vya ukeni haipo tena, na kadiri saa zinavyopita ndivyo hatari ya maambukizi inavyopanda kwake na kwa mama. Nilipofika hospitali nilikuwa na homa, maji yameanza kunuka, na moyo wa mtoto unakwenda mbio. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, ila mimi nilikaa wodini hadi muuza uji akanijua kwa jina, kwa kuwa mwanangu alikuwa chumba cha watoto wachanga akichomwa sindano za antibiotiki. Sasa ni mzima, na ana domo kumshinda kungwi mwenyewe.

Kungwi huyo kwa singo na udi simlaumu. Kinachonikera mpaka leo ni ule uhakika wake: hakuuliza rangi wala harufu, aliitazama kanga akiwa mlangoni akatoa hukumu, nami nikamwamini kwa sababu amezaa watoto wengi, kana kwamba kuzaa kwake kulimpa macho ya kuona tumboni mwangu. Mkojo una harufu yake na mara nyingi waweza kuubana, ilhali maji ya chupa huendelea kuvuja hata ukijibana. Hata hivyo, kuyatofautisha si kazi yako wala ya shangazi. Mkunga atakulaza na kutazama kwa kifaa safi kama maji yanatoka kwenye mlango wa kizazi. Mweleze mapema kwamba unahisi chupa imepasuka, kwa sababu kupimwa njia kwa vidole mara kwa mara katika hali hiyo huongeza hatari ya kuingiza vijidudu.

Hizo sentimita mbili hazikupi tarehe. Wapo wanaokaa nazo siku kadhaa, na wapo wanaofika kumi, yaani njia imefunguka kabisa, usiku huo huo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba uchungu wenyewe, ule wa kasi, huhesabiwa kuanzia sentimita tano, na kwamba sentimita moja kwa kila saa si kipimo cha kumlazimisha kila mwanamke. Ute mzito wenye michirizi ya damu nao ni dalili ya kawaida kwamba mlango unajiandaa.

Vaa pedi safi ili waione rangi, usiingize chochote ukeni, chukua kadi ya kliniki na uite bajaji sasa. Maji yakiwa ya kijani au ya kahawia, damu ikitoka nyingi, mtoto akipunguza kucheza, au ukihisi kamba ya kitovu imetangulia, hiyo ni dharura isiyosubiri hata viatu. Shangazi akikuuliza unakwenda wapi saa hizi, mjibu kwa adabu kwamba unakwenda kupimwa huo mkojo.